Ukurasa wa Mwisho wa Wimbo wa Kukhu

Wiki iliyopita bomba la jikoni kwangu lilipasuka nikiwa kazini, na niliporudi nikakuta mkoba wa shule wa binti yangu umelala ndani ya maji. Nilitoa madaftari yake moja moja nikayaanika kwenye ukuta wa veranda. Jua lilipoyapiga ikaja ile harufu, harufu ya karatasi iliyolowa na wino ulioachia. Nikaketi palepale sakafuni, sketi ya ofisini na yote. Binti yangu akadhani nalia kwa ajili ya madaftari. Akaniambia, "Mum, si ni hesabu tu?"

Tulikuwa tumemzika Baba mwezi mmoja kabla. Kaburini watu walisimama wakamsifu: mwalimu wa kwaya, mtunzi, mtu aliyewafundisha walinzi na madereva wa Doha kuimba sauti nne bila kinanda. Nilipopewa nafasi ya kusema, nilishukuru watu kwa kuja, nikaketi. Wakanong'onezana kwamba uchungu umenizidi. Ulikuwa umenizidi kweli, ila si huo waliokuwa wakiufikiria wao, na nimeona afadhali niueleze mahali fulani kabla haujanimaliza.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Umm Salal, kaskazini ya mji, katika jumba kubwa ambalo mwenyewe alikuwa amelikata vyumba vingi kwa mbao za jasi na kupangisha kila chumba kwa familia. Sisi tulipata kilichokuwa sebule ya wageni, chenye dari la nakshi za dhahabu na choo cha pembeni. Mama alitundika pazia katikati: huku wao, huku mimi. Mama alikuwa mlezi katika shule ya chekechea. Baba alikuwa fundi wa mitambo mikubwa inayopooza hewa ya majengo marefu, na basi la kampuni lilimchukua alfajiri kumpeleka Sanaiya, kule kwenye karakana na kambi za wafanyakazi, wanakogawiwa kazi za siku. Wenzangu mliokulia Ghuba mnajua kwamba majira ya joto bomba la maji baridi ndilo linalochoma, kwa hiyo Mama alijaza ndoo ya buluu chooni kila asubuhi na kuifunika, ili ikifika jioni tupate maji ya kuogea. Naitaja hiyo ndoo kwa sababu ndiyo niliyoitumia.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa Jumapili yetu. Tulienda kwenye ule uwanja wa makanisa nje ya mji, majengo yasiyo na msalaba kwa nje, ambako kila kundi lilikuwa na ukumbi wake na saa yake, na saa yako ikiisha unawakuta wengine mlangoni wameshika magitaa wakikusubiri utoke. Humo ndimo Baba alikuwa mtu mwingine. Siku sita alikuwa fundi wa kuitwa kwa mluzi. Ijumaa watu wazima arobaini walimwita Mwalimu na kunyamaza akiinua kidole. Hakuwa na kinanda. Alifumba macho, akaitoa do kwa mdomo wake, kisha akaigawa: besi hapa, tenori hapa, alto hapa, soprano kule juu. Do ya Mwalimu haikusahihishwa na mtu. Alipoiweka, ndipo tulipoimbia.

Nyimbo zenyewe alizitunga katika daftari moja nene la jalada gumu, herufi za do-re-mi zikiwa zimepangwa mistari minne minne, kwa kalamu ya wino wa chupa, kwa sababu alisema wino wa kawaida unaandika kama polisi anayeandikisha maelezo. Hakumruhusu mtu anakili wimbo kabla haujaimbwa mbele ya watu. Zamani, nyumbani Bungoma, aliwahi kuusikia wimbo wake redioni ukiwa na jina la mtu mwingine, na jambo hilo halikumtoka. Kwa hiyo wimbo mpya aliufundisha kwa mdomo, ukurasa kwa ukurasa, akikaa na kila sauti pembeni mpaka waushike kichwani. Daftari lilibaki mkobani mwake.

Alhamisi jioni ilikuwa zamu yake ya kuosha vyombo, na mimi nilifuta. Hapo ndipo aliponisimulia habari za Mmarekani wake. Alikuwa amemsoma katika kitabu kilichochanika cha historia ya uimbaji, alichokiokota chuoni, na alimzungumzia kama mtu anayefanya naye kazi zamu moja. Mmarekani huyu aliishi zamani sana, wakati nchi yao ingali changa. Kazi yake ilikuwa kulainisha ngozi za ng'ombe, kazi inayonuka mpaka jirani wanahama, na katikati ya kazi wimbo ukimjia aliuandika kwa chaki ubaoni au hata kwenye ngozi yenyewe. Hakufundishwa na mtu. Alijifundisha, akafundisha wengine, akazunguka akiongoza kwaya, akatoa vitabu vizima, na alipoambiwa kwamba nyimbo zake hazifuati kanuni za wakubwa, akasema kanuni zake anaziweka mwenyewe. Baba alipofika hapo daima aliacha kuosha ili asimulie vizuri. Halafu Mmarekani akafa maskini, hata kaburi lake halikuwekwa alama.

"Na alikuwa anaonekana aje?" niliuliza, maana nilikuwa mtoto wa maswali.

"Ai, huyo hakuwa wa kupigwa picha. Jicho lilikuwa moja. Mguu mmoja mfupi. Mkono mmoja ulikuwa umenyauka."

"Nani alichukua hilo jicho lingine?"

Baba akacheka, mikono ikiwa na povu. "Mungu akikupa nyimbo, mama, lazima achukue kitu. Asipochukua, utaringa."

Yeye alikuwa akitania. Mimi nilikunja kitambaa changu cha kufutia nikaanza kuhesabu. Jicho, mguu, mkono. Nilimwangalia Baba kuanzia juu mpaka chini nikakuta yuko mzima, na nikajiuliza kwake kitachukuliwa nini.

Kisha Kukhu akafa. Kukhu ndiye mama yake Baba, na ndiye aliyemfundisha kuimba, akiwa amembeba mgongoni shambani. Kampuni ilikataa kumpa ruhusa ya kusafiri. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwao, na meneja akamwambia mitambo haijui msiba. Siku ya mazishi alinunua kadi za simu za kukwaruza akapiga nyumbani, na ndugu yake akaishika simu juu, karibu na kaburi, ili Baba asikie. Tulikaa watatu kitandani bila kupumua. Nilimwona akiiweka simu sikio la kushoto, akakunja uso, akaihamishia kulia, akairudisha kushoto, kisha akaiacha kulia. Kadi ya mwisho ilipokatika, alibaki ameshika simu.

"Wamemwimbia vibaya," alisema. "Mama yangu, wamemwimbia kama wana haraka."

Ndivyo ulivyoanza wimbo wa Kukhu. Angeuimbisha Ijumaa ya kutimiza mwaka, sauti nne, kurasa sita, na hayo ndiyo yangekuwa mazishi yake yeye. Alitunga kwenye basi la kampuni, kitandani, hata chooni. Na wimbo ulivyozidi kurefuka, ndivyo yeye alivyozidi kusema "eh?" kwa kila jambo. Mama alimwita akiwa nyuma yake, hageuki. Televisheni ikapanda sauti mpaka jirani wakagonga mbao. Kwaya ilikuwa imekwisha kushika kurasa tano, na ule wa sita alikuwa bado anausahihisha, jioni moja niliposikia wazazi wangu wakizungumza nyuma ya pazia. Baba alidhani ananong'ona. Mtu asiyejisikia hawezi kunong'ona.

"Daktari amesema aje kabisa?" Mama aliuliza.

"La kushoto limeenda. La kulia liko njiani."

"Na dawa?"

"Hakuna dawa." Kitanda kikalia, kama mtu aliyegeuka. "Mimi naomba kitu kimoja tu. Wimbo uishe. Nimsikie mama yangu akiimbiwa, halafu lifunge likitaka."

Leo ninajua. Ilikuwa mitambo, miaka kumi na mbili akisimama kando ya ngurumo bila cha kuziba masikio, na angeiacha kazi ile vibali vyetu vya kuishi vingeisha na sisi tungerudishwa nyumbani. Mtu mzima anaunganisha hayo bila shida. Lakini mimi nililala upande wangu wa pazia na hesabu yangu ya Mmarekani, na nilichosikia kilikuwa wazi kabisa: wimbo uishe, halafu lifunge. Mungu amekwisha kuchukua sikio moja kwa kurasa tano. La pili ni la ukurasa wa sita.

Nilivumilia siku tatu. Shule zilikuwa zimefungwa, nilikuwa nashinda ndani, na mama mmoja Mganda wa chumba cha jirani alikuwa ananichungulia mara kwa mara kuona kama niko hai. Siku ya tatu Baba alisahau mkoba nyumbani. Mchana, wakati jumba zima limelala kwa joto na husikii kitu ila viyoyozi, nilitoa lile daftari, nikaenda chooni, nikafunua ndoo.

Nilidhani litazama. Lilielea, ikabidi nilishikilie chini kwa mikono miwili. Maji yalikuwa vuguvugu. Wino ulianza kutoka pembeni, nyuzi nyembamba za buluu, kisha ukatoka wote kwa pamoja nikawa sioni mikono yangu. Nilikuwa naomba. Nilimwambia Mungu, chukua wimbo, tuachie sikio. Nilipolitoa, kurasa zilikuwa zimeshikana na harufu imejaa chooni, na zile herufi zote za Baba zilikuwa madoa. Nikaliweka ndani ya mfuko wa takataka, nikavuka barabara inayounguza kandambili, nikalitupa kwenye pipa la manispaa. Nikamwaga maji, nikasugua ndoo kwa sabuni, nikaijaza tena. Mama aliporudi alinisifu kwa kuosha choo.

Baba hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alitafuta mkobani, akatafuta chini ya godoro, akatafuta mkobani tena. Akaamua kwamba daftari lilianguka kwenye basi la kampuni siku moja kabla hajausahau mkoba. Kesho yake, baada ya kazi, alibaki Sanaiya akipita basi kwa basi, akiinama chini ya viti, akiwauliza madereva wa Kinepali kwa mikono. Alirudi magoti yakiwa meusi kwa grisi. Siku iliyofuata alienda tena. Rafiki yake Anko Barasa, aliyekuwa mlinzi wa duka moja kubwa na ndiye aliyeongoza sauti ya tenori, alienda naye mpaka jalala la kampuni, na wakafukua kwa vijiti mpaka wakafukuzwa.

Mimi nilikuwa nangoja malipo yangu. Kila asubuhi nilisimama nyuma ya Baba akinyoa ndevu, nikasema polepole, "Baba." Siku ya kwanza hakugeuka. Ya pili, ya tano, ya kumi hakugeuka. Nikaanza kuogopa kwamba Mungu amechukua vyote viwili.

Jioni moja alikaa mezani na karatasi mpya. Kurasa tano aliziandika upya kwa kusaidiwa na kwaya, maana walikuwa nazo kichwani, kila sauti ikimwimbia sikio la kulia kwa nguvu. Ule wa sita hakuwa amemfundisha mtu. Aliutunga mara ya kwanza sikio la kulia lingali linasikia vizuri, na sasa alipouimba hakujua kama kilichotoka mdomoni ndicho kilichokuwa kichwani. Aliimba kipande, akasimama, akafuta. Akaimba tena, akafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Kisha akanigeukia. "Mama, njoo. Nilipokuwa naosha vyombo, si nilikuwa naimba ile alto ya mwisho? Inashuka, halafu inapanda pale kwa jina la Kukhu. Wewe una sikio. Hebu niimbie."

Niliijua. Niliijua nzima, mpaka pumzi zake. Nilikuwa nimeiimba kimoyomoyo tangu ile Alhamisi. Lakini sikio la kulia lilikuwa bado linasikia ukimpigia kelele, na mimi bado niliamini kwamba mimi ndiye ninayelizuia lisifunge.

"Nimesahau," nilimwambia.

"Kidogo tu. Mwanzo wake."

"Nimesahau, Baba."

Alinipapasa kichwa akasema si neno. Mama alikuwa amesimama penye jiko pembeni mwa chumba, mgongo kwetu. Baba akaweka kichwa mezani juu ya karatasi, na nikaona mabega yake yakitikisika, na hakujua kwamba tulikuwa tunamsikia.

Ijumaa ya kutimiza mwaka ilipofika, la kulia nalo lilikuwa limefunga. Lilifunga wiki hiyohiyo, bila ukurasa wa sita, bila kuniuliza mimi. Nilielewa hapo kwamba nilichokitoa hakikupokelewa na mtu. Nilikuwa nimemnyima wimbo bure.

Anko Barasa alikuja kumwona asubuhi, akaandika kwenye kiganja kwa kalamu na kumwonyesha huku akisema kwa sauti kubwa, "Mwalimu, tutaimba ile tunajua. Tukifika mwisho wa tano tunaketi. Nyanya ataelewa." Baba akasoma kiganja, akakubali.

Ukumbi ulijaa. Nilikaa mstari wa mbele na Mama. Baba alifumba macho akatoa do, na ilikuwa juu mno, juu kabisa, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuimba kurasa tano. Nilimwona mama mmoja wa soprano akimtazama mwenzake. Ilikuwa do ya Mwalimu. Waliipokea wote arobaini, wakapanda nayo, mishipa ya shingo ikiwasimama, besi wakiimba mahali pa tenori na tenori wakiimba kama watoto. Wengine walilia wakiimba. Baba hakujua. Uso wake ulikuwa umetulia, mikono yake inaenda laini, anamzika mama yake kwa sauti aliyokuwa nayo yeye peke yake.

Ukurasa wa tano ukaisha. Kwaya ikanyamaza. Mikono ya Baba haikushuka.

Sijui kama alisahau au alikataa. Aliendelea. Aliinua besi wasiokuwapo, akawazuia, akawaalika tena, akapunguza kwa kiganja. Watu arobaini walisimama midomo imefungwa wakiitazama mikono ile. Mlangoni kundi la Wafilipino lililokuwa likisubiri saa yake liliacha kuzungumza. Kisha akageukia upande wa alto na kunyoosha kidole, na mimi nilijua ni wapi tulipo. Ilikuwa pale inaposhuka.

Nikasimama nikaimba.

Ilikuwa juu mno kwangu pia, na ilitoka nyembamba, imekwaruzika. Mama alinishika sketi, akaiacha. Baba alikuwa anazungusha macho kwenye safu ya alto ndipo aliponiona mdomo. Mikono yake ilisita, kisha ikanigeukia mimi. Akaniongoza. Aliniambia wapi nivute pumzi, wapi nipunguze, akaniinua kwenye jina la Kukhu na kunishikilia hapo mpaka nikadhani nitaanguka, akanishusha, akanikata kwa vidole viwili. Sauti tatu za wimbo hazikuwapo. Ile moja iliyokuwapo hakuisikia.

Nje, joto lilitupiga. Mama alienda na Anko Barasa kutafuta gari. Baba alinivuta kwenye kivuli cha ukuta akachuchumaa mbele yangu. Wafilipino walikuwa wameanza kupiga magitaa ukumbini.

"Ulikuwa unaijua," alisema, kwa ile sauti kubwa aliyokuwa hawezi tena kuipima. "Kwa nini uliniambia umesahau?"

Niliangalia viatu vyake vya Ijumaa. Nikasema. Nilisema yote, kichwa chini, bila kupumua: Mmarekani na jicho lake, pazia, ndoo, wino, mfuko, pipa, magoti yake yenye grisi, na kwamba nilitaka sikio libaki. Nilisema kwamba nilikuwa nimekosea hesabu. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetapika, nikangoja anipige au anikumbatie, lolote kati ya hayo.

Hakufanya lolote. Nikainua macho. Alikuwa bado amechuchumaa, ameinamisha kichwa upande, kiganja nyuma ya sikio la kulia, anasubiri.

"Mdomo wako siuoni ukiangalia chini, mama," alisema. "Sema tena, ukiniangalia."

Nikamwangalia. Macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu, yamekaza, kama ya mtu anayesoma maandishi madogo. Nikaifungua polepole ili asikose hata silabi.

"Sijui, Baba," nilisema.

Akasoma, akatikisa kichwa kukubali, akanishika mkono tukaenda kutafuta gari.